Saumu ya Kwanza ya Uzi

19 Februari

Kwa wifi yangu mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeshiba na umelala vizuri, maana ukiwa na njaa hata salamu unaziona matusi. Sisi huku tupo. Paa la chumba cha chanjo limezibwa, sasa manesi hatufanyi kazi tena na ndoo katikati. Mdogo wako amepewa safari ya kwenu kila baada ya wiki mbili, anabeba saruji, ndiyo maana nimempa barua hii aipakie pamoja na mzigo. Ulisema mbele ya wageni kwamba simu yangu hutaipokea tena, eti maneno ya simu nayakana kesho yake. Haya, nimeandika. Karatasi haikani.

Tena ulisema, mbele ya wageni hao hao, kwamba mimi nazaa na kuazimisha. Sijasahau. Uzi anaishi kwako kwa sababu huku nilikopangiwa kazi shule ya maana haipo. Haishi kwako kwa sababu nimeshindwa kumlea. Mtoto ni wangu, nyumba tu ndiyo yako.

Nililolijia ni moja. Kuna homa ya uti wa mgongo inazunguka, na mji wenu umo kwenye mpango wa chanjo. Timu itapita shuleni kwake mwanzoni mwa Machi, yaani ndani ya mwezi wa mfungo. Uzi achanjwe. Sindano ya mkononi si chakula wala kinywaji, haipiti kooni, haimharibii mtu saumu. Nimemuuliza imamu wa huku kabla sijaandika, ili usije ukasema nesi anatoa fatwa. Amesema mwenye kufunga achanjwe na aendelee na saumu yake.

Homa hii haibishi hodi. Wewe nakujua, mdomo wako hauna kufuli, na wateja wako wanakusikiliza kuliko redio. Kwenye hili nyamaza. Mwache mtoto achomwe.

Ni mimi,
Mama Uzi


11 Machi

Mama Uzi,

Salamu zako nimezipokea na pilipili zake. Mimi mzima, cherehani nazo nzima, isipokuwa ile ya ova loki, ya kufunga kingo za nguo, inayokata nyuzi kila ikiguswa. Ni mwezi wa mfungo, kila mtu anataka nguo kabla ya sikukuu, na kila mtu amekonda au amenenepa tangu nimpime, kwa hiyo nafumua kuliko ninavyoshona. Mwanao hajambo. Jina la Uzi nilimpa mimi kwa wembamba wake, na sasa anarefuka kama anavutwa. Gauni la shule nimelishusha pindo mara ya pili, nikishusha tena itabidi niongeze kitambaa.

Barua yako imefika jana. Mumeo lori lilimvunjikia ekseli njiani, akalala chini yake siku kadhaa akilinda saruji ya watu, na barua yako ikawa kwenye kikasha cha spana. Ina grisi pembeni. Nimeisoma hivyo hivyo, maana hata ingekuwa safi isingenukia.

Hao watu wako wa chanjo walishapita shuleni wiki iliyopita na maboksi yao ya baridi, wakaondoka. Jambo lako limekwisha, usijipe taabu.

Ila umenichekesha kidogo. Tangu lini umekuwa mwanafunzi wa imamu? Mwaka juzi ulikuja hapa mwezi kama huu, ukanywa chai jikoni kwangu asubuhi kweupe, mlango wazi, wateja wangu wanakuona. Msafiri ana ruhusa, sikatai. Lakini mwenye haya hufunga mlango.

Mtoto huyu unayesema nyumba tu ndiyo yangu, mwaka huu anafunga mchana kutwa. Siyo zile nusu siku za kitoto. Anaamka daku mwenyewe kabla sijamgusa, anakwenda shule, anarudi midomo mikavu, ananishonea vifungo mpaka jua linazama. Hajakosa hata siku moja. Hilo hakulipata kwenye bomba la sindano.

Wifi yako,
Fundi


16 Machi

Wifi,

Mdogo wako amefika salama, amekula, amelala kama gogo. Nakuandikia kabla hajaamka, maana akiamka anaondoka. Jirani yetu fundi bomba kapata pacha. Kituo kimeletewa friji mpya ya dawa, haipigi kelele kama ile ya zamani, mpaka tunaisahau kama ipo.

Barua yako nimeisoma nikitafuta jibu kama mtu anayetafuta shilingi kwenye mchanga. "Limekwisha" maana yake nini? Hata maiti akizikwa limekwisha. Alichanjwa au hakuchanjwa? Nataka neno moja, si hadithi ya chai.

Usidhani sijui mnavyosema huko, nawasikia hapa kila siku. Benchi la chumba changu liko tupu tangu mwezi uanze. Kina mama wanaleta vichanga, vichanga vinachomwa, halafu nikiwagusa wao bega wanaruka kama nimewashika na kaa la moto. Juzi kaja dada mmoja muuza vyombo. Nilipomwambia zamu yake imefika, akafunika mkono kwa mtandio. "Nesi, unataka kunivunjia saumu yangu, dhambi utanibebea wewe?"

Nikamwambia, "Sindano haifiki tumboni."

"Na tumbo likiwa tupu je? Si nitaanguka?"

Nikamwambia ukianguka sakafu ipo. Akaondoka, na wenzake watatu wakamfuata nyuma. Siku ile sikuchanja mtu mzima hata mmoja. Nakwambia haya ujue kwamba watu wa aina yako nawajua vizuri.

Na kwa kuwa unapenda kupindisha maneno, nakuandikia yaliyonyooka. Ziko chanjo za matone, zile zinamezwa. Mwenye kufunga angoje jioni. Hii ya homa ni sindano ya mkononi, inaingia kwenye nyama, haishibishi wala haikati kiu. Mwenye kuogopa kizunguzungu akae chini akichomwa, apumzike kidogo, basi. Na mwenye wasiwasi wa moyo achanjwe akishafuturu. Hakuna mlango uliofungwa hapo. Anayebaki nje kajibakiza mwenyewe.

Neno moja, wifi.

Mama Uzi


23 Machi

Mama Uzi,

Ukianguka sakafu ipo! Umeandika kwa mkono wako mwenyewe na kalamu haikuona haya. Mimi mteja akivaa gauni likambana, simwambii kosa ni la mwili wake. Halafu unashangaa benchi kuwa tupu. Ningekuwa mimi yule dada wa vyombo ningekuachia na sufuria moja ya kichwa.

Kwetu wote wazima. Bi mkubwa wa nyumba ya pili kapata miwani, sasa anaona kila mshono uliokwenda upande na ananiambia kwa sauti. Ova loki nimeitengeneza kwa kibanio cha nywele.

Imamu wetu naye alisema kama wako. Alisema baada ya sala ya alasiri, kipaza sauti kikafika mpaka barazani kwangu: sindano haiharibu saumu, na zahanati itakuwa wazi baada ya kufuturu kwa mwenye wasiwasi. Nilisikia. Sikuwa na pamba masikioni. Lakini imamu hakuninyooshea kidole, hakuniita watu wa aina yako. Wewe jambo la heri ukilishika linageuka kofi.

Umetaka neno moja. Hakuchanjwa. Umeridhika?

Ukitaka kujua aliyekataza, usimsumbue mtoto wala mwalimu wake. Mwenye nyumba ni mimi, na la nyumba hii najibu mimi. Atachanjwa sikukuu ikishapita, zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Homa yenyewe haijafika mtaa huu.

Fundi

Uzi anakusalimia. Angeandika mwenyewe ila kichwa kinamuuma kidogo tangu asubuhi. Ni saumu na jua la kutembea kutoka shule. Nimemlaza, nimeshusha pazia.


14 Aprili

Wifi,

Leo sina salamu. Za nyumbani unazijua, maana habari za nyumbani kwangu zote zimelala chumba cha pili na bendeji mkononi.

Barua yako ya tarehe 23 nimeikuta mezani niliporudi na mtoto. Mume wangu aliiacha hapo akipita kwenda kupakia, siku ile ile hospitali waliponipigia simu. Mimi nilikuwa nimeshapanda basi. Kwa hiyo nimesoma "kichwa kinamuuma kidogo" baada ya kuyaona yaliyofuata kwa macho yangu. Nimeisoma nimesimama. Kisha nikakaa.

Kichwa kinauma, mwanga unamuumiza, ukashusha pazia! Pazia, wifi! Nesi mwanafunzi wa wiki ya kwanza angemwinamisha shingo. Lakini kwako kila kitu mwezi ule kilikuwa saumu. Kichwa kikiuma ni saumu, akitapika ni saumu, akilala mchana ni saumu. Saumu haina makosa. Mmeifanya gunia, kila msichokijua mnatia humo.

Nilipoingia wodini sikumjua. Shingo imekakamaa, macho yananitazama kama mtu anayetazama ukuta. Wewe umekaa upande wa pili, futi yako ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hukunisalimia, sikukusalimia. Nesi wa zamu akaja na dawa, akauliza, "Mama wa mtoto ni yupi?" Ukasema "mimi" kabla sijafungua mdomo. Nami nikasema "mimi". Yule nesi akatutazama kwa zamu, akamaliza kazi yake, akaondoka bila kuuliza tena. Hilo nalo sijalisahau.

Ulipokwenda kuchota maji ndipo nilipojua. Nilidondosha bakuli la chuma nyuma ya kitanda. Wodi nzima ikashtuka, mgonjwa wa dirishani akanitukana. Uzi hakugeuka. Aliendelea kuchezea ncha ya shuka.

Daktari amethibitisha. Sikio la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia linasikia nusu, huenda likapata nguvu. Anasema tumshukuru Mungu, wengine wanaoletwa na hali kama ile hawatoki. Nimemshukuru Mungu. Wewe sina cha kukushukuru.

Mtoto yuko kwangu na atakaa kwangu. Usimtumie salamu.

Mama yake


22 Aprili

Mama Uzi,

Salamu hukuleta, mimi naleta, nisije kufanana na wewe. Tupo. Sikukuu ilipita, nguo za watu zilitoka zote isipokuwa mbili, wenyewe wakaja kuzichukua hazijapigwa pindo na bado wakalipa. Mumeo siku hizi hapandi barazani. Anapiga honi, nampelekea nje, ananitazama miguuni badala ya usoni, anaondoka.

Nitakwambia ilivyokuwa, maana hukuniuliza na wala hutaniuliza.

Siku mbili baada ya ile barua, alikataa kwenda shule. Nikajua hapo kuna neno, maana huyu mtoto shule anakwenda hata mvua ikinyesha mawe. Nikamwambia, "Fungua saumu, unywe maji, mgonjwa ana ruhusa." Akasema, "Shangazi, zimebaki chache." Nikamwambia utazilipa. Akafunga midomo. Nikarudi kwenye mashine, mteja alikuwa anangoja mikono ya gauni. Adhuhuri nikaingia na kikombe. Nikamwita. Nikamtia mkono nyuma ya kichwa nimnyanyue anywe, akaja mzima mzima kama ubao, shingo haipindi. Akapiga ukelele mmoja. Kikombe sijui kiliangukia wapi.

Nilitoka naye mgongoni, yeye na miguu yake mirefu inaburuta. Muuza maji akamwaga madumu yake chini pale pale barabarani, tukampakia mtoto kwenye mkokoteni. Mimi nasukuma, yeye anavuta, anapiga kelele "pisha! pisha!" mpaka getini kwa hospitali. Viatu sikuvaa. Hiyo futi uliyoiona shingoni ndiyo niliyotoka nayo barazani, na kama ulidhani nilikwenda kushona wodini, haya, dhani.

Nilisema "mimi" kwa sababu nilikuwa nimeulizwa hivyo na manesi wa zamu zote kabla hujafika, na kila zamu nilikuwa peke yangu.

Nakutumia nguo zake, daftari zake na gauni la shule. Nimeongeza kitambaa kiunoni, pindo limegoma kushuka tena.

Aliyekataza sindano ni mimi. Umeshaandika hivyo moyoni mwako, liache lilivyo.

Fundi


18 Mei

Wifi,

Mvua zimekatika, tumeanza kuanika vyandarua vya dawa nje. Mdogo wako kabadilishiwa lori, hili breki zake zinashika. Mtoto anakula, anatembea, anaegemea ukuta akigeuka ghafla. Sikio la kulia limepata nguvu kidogo. Anatutazama midomo.

Ndiyo sababu ya barua hii. Juzi tulikuwa mezani, nikawa nakusema kwa baba yake. Sitakuficha, nilikusema vibaya, na nilisema kwa sauti ya chini nikidhani hasikii. Akaweka kijiko.

"Mama, usimseme shangazi."

Nikamgeukia ili anione. "Kwa nini nisimseme? Si ndiye aliyekukataza?"

"Hakunikataza."

"Nani basi?"

"Hakuna. Mwalimu alipotupanga mstari nilimwambia shangazi kakataza. Shangazi siku ile hakujua hata kama wamekuja."

Baba yake akaacha kutafuna. Nikamwambia mtoto aendelee, akaendelea, huku macho yake hayatoki mdomoni mwangu. Anasema mwalimu wake wa darasa alikuja kwako kupima gauni, akakuuliza, "Kwani ulimzuia Uzi kwa nini? Imamu si karuhusu?" Naye alikuwa hapo hapo chini anashona vifungo. Anasema ulimtazama, ukatia pini mdomoni, ukamjibu mwalimu, "Nilimzuia, ndiyo. Nyoosha mkono nikupime." Mwalimu alipoondoka hukumgombeza. Ulimwambia atie uzi mwingine kwenye sindano, ule umekwisha.

Umeninyima ukweli kwa barua mbili nzima, ukaniacha nikutukane kwa kosa lisilo lako. Ukadhani nitakushukuru? Sikushukuru. Mimi nesi. Ningejua ni mtoto ndiye aliyekimbia sindano, ningepanda basi siku ile ile nikamchanja mwenyewe kwa mkono wangu, na leo angekuwa na masikio mawili. Ulimficha kwa nani? Kwa mama yake?

Tena usijione umetakata. Baada ya mwalimu kukwambia, zahanati ilikuwa wazi kila jioni. Hukumpeleka. Na mtoto ananiambia kwamba kabla ya hapo alikusikia ukimwambia mteja, "Sindano na saumu havikai chungu kimoja." Uliyasema hayo baada ya kipaza sauti cha imamu kufika barazani. Ulijua, na ukasema. Kwa nini?

Hilo nataka ulijibu.

Mama Uzi


1 Juni

Mama Uzi,

Hatujambo. Kazi imepungua, watu wamerudi kwenye nguo za zamani. Muuza maji kanishonesha suruali, nilikataa malipo, tukagombana, akaniletea maji mpaka pipa likafurika.

La mteja ni kweli nililisema. Sina la kuongeza hapo.

La zahanati nitakujibu. Siku ile ile mwalimu alipotoka, tulifuturu, nikamwambia vaa twende. Akalia. Mtoto yule halii, unamjua. Akasema wenzake waliochanjwa waliamka na homa, mkono umevimba, wakala mchana. "Nikila hata siku moja, mama atakuwa amesema kweli." Nikamuuliza mama amesema nini. Ndipo akanieleza simu aliyopiga kwako kwa simu ya jirani, siku ya kuamkia mfungo. Alikwambia mwaka huu anafunga mwezi mzima. Unakumbuka ulichomjibu? Alisema ulicheka. Ukamwambia, "Wewe? Siku ya kumi tu utakuwa jikoni kwa shangazi yako unaramba mwiko." Ukacheka tena, ukampa salamu zangu, ukakata.

Kwako ilikuwa mzaha. Yeye aliikunja akaiweka mfukoni, akawa anaitoa kila siku adhuhuri koo likikauka. Hakuwa anashindana na njaa, alikuwa anashindana na wewe.

Nikamwambia haya, maliza, siku zimebaki chache, ukimaliza tu tunakwenda. Nilifanya hesabu yangu hapo nikaikosea. Ndivyo ilivyokuwa. Ungekuwepo ungefanya nyingine.

Umeuliza nilimficha kwa nani. Kwa wewe. Ningekuandikia kwamba ni yeye, ungekuja na bomba mkono huu na ulimi mkono huu, na ulimi ungemchoma zaidi. Ungemwambia kama ulivyomwambia yule wa vyombo. Maneno yako mimi nimeyazoea, ngozi yangu ni turubai. Yake bado ni hariri.

Sasa sikia, na hapa sikuombi. Mlete. Huko kwako anakaa ndani anatazama midomo ya watu wazima wakigombana. Nimekwenda shuleni, nimeongea na mwalimu mkuu. Kwanza alisema wana watoto wengi, hawezi kumpangia kila mmoja kiti. Nikamwambia basi nitakaa hapa ofisini mpaka apatikane mtoto mwingine mwenye sikio moja tumlinganishe naye. Amempa dawati la mbele kabisa, ukutani upande wa kushoto, ili ukuta uwe na sikio bovu na mwalimu awe na sikio zima. Mwalimu wa darasa kaahidi kutoongea akiwa ameupa mgongo ubao, yaani akiwapa mgongo wao, unajua ninachotaka kusema.

Sijafanya haya kwa ajili yako. Usije ukadhani.

Na hana raha na siku alizokula hospitalini. Alimwambia baba yake amuulize imamu wetu kama anaruhusiwa kuzilipa. Imamu kasema mwili ukipata nguvu, na daktari akikubali, alipe taratibu, hakuna anayemfukuza.

Fundi


9 Juni

Wifi,

Huku wazima. Pacha wa fundi bomba wameletwa kituoni kwa chanjo, mama yao kaja nao wawili kifuani. Muuza vyombo hajarudi. Nilimfuata sokoni. Aliniuzia bakuli kwa bei ya juu, akageukia mteja mwingine.

Nilicheka, kweli. Nilikuwa naosha vyombo, simu iko begani. Sikumbuki nilichosema, lakini ukikiandika hivyo nasikia ni sauti yangu.

Sijakusamehe. Na sitegemei unisamehe.

Daktari amekubali. Uzi ameanza kulipa siku zake hapa. Jana alifunga ya kwanza. Niliamka nikampikia daku, nikala naye, nikafunga naye. Mchana alikuja kituoni akakaa kwenye benchi la chumba changu akinitazama nikichanja watu. Alasiri nilichoka mimi kabla yake, akaniletea kiti.

Amechanjwa, kadi iko kwenye daftari la hesabu. Atakuja na baba yake Jumamosi. Gauni uliloongeza kitambaa linamtosha.

Anayohitaji kula unayajua. Hili hulijui, kwa hiyo lisome vizuri. Akiwa amekupa mgongo usimwite. Ukimwita kwa nyuma hasikii, halafu akigeuka akakukuta umesimama umenuna, anadhani amekukosea, na anashinda siku nzima anaomba radhi. Acha cherehani, nyanyuka, zunguka, umtokee mbele. Kisha ndiyo useme.

Mama Uzi